MREJESHO: Zabuni ya kufundisha wanajeshi Marekani

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza chuo kidogo cha Marekani kinaombaje zabuni ya serikali ya kufundisha wanajeshi kambini. Ushauri wa kuanza na usajili wa SAM.gov (tovuti ya serikali ya Marekani ya kusajili wanaoomba zabuni) ulikuwa sahihi kabisa: jina la chuo na namba ya mlipakodi vifanane herufi kwa herufi na kumbukumbu za IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), la sivyo usajili unakwama. Pendekezo tulilipanga kwa kufuata Sehemu L ya hati ya zabuni (maelekezo ya kuandaa pendekezo) na Sehemu M (vigezo vya kutathmini). Upande wa ufundishaji ulipita vizuri, ila zabuni tumeikosa. Sababu ni kwamba rekodi yetu ya mikataba iliyotangulia ilikuwa nyembamba. Ukikosa, omba kwa maandishi ufafanuzi wa kwa nini umekosa, ndani ya siku 3 baada ya kupokea taarifa. Sasa tunatafuta ukandarasi mdogo kwanza, yaani kufanya kazi chini ya mkandarasi mkuu.