Helmeti ya skii ya mtoto imeanza kucheza kichwani: nikaze tu au ninunue nyingine?

Mama Nuru, Calgary
Wadau wa huku kwenye theluji, habari za baridi. Binti yangu ana miaka 8, anafundishwa skii na shule. Helmeti yake ilinunuliwa mpya mwaka juzi, saizi ya sentimita 51 hadi 55, na ilimkaa sawasawa akiwa na rasta nene. Sasa rasta zimefumuliwa, kasukwa twende kilioni nyembamba, na helmeti inazunguka kushoto na kulia hata nikikaza kile kizungushio cha nyuma mpaka mwisho. Hapo tena anasema kisogo kinamuuma. Nimeshauriwa nimvishe kofia ya sufu ndani ili ijae. Ni sawa? Pia, sponji za ndani zinafuliwaje, na helmeti huisha muda wake lini?

FundiSkii
Mama Nuru, kofia ya sufu achana nayo kabisa. Sufu hubonyea, kwa hiyo baada ya muda mfupi nafasi inarudi ile ile. Mbaya zaidi, akianguka, helmeti inateleza juu ya sufu na kuacha paji wazi. Kama ni baridi ya masikio, balaklava nyembamba ya skii (kofia ya kufunika kichwa, masikio na shingo) inatosha, na helmeti upime akiwa ameivaa.

Anza na kipimo. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kichwa sentimita 2 hadi 2.5 juu ya nyusi, juu kidogo ya masikio, ipite pale kisogo kilipochomoza zaidi. Upime na nywele zilivyo leo. Ikitoka 51 au 52, yuko mwanzoni kabisa mwa saizi hiyo, ndiyo maana kizungushio kimegota. Kile kizungushio kinavuta ule mkanda wa plastiki wa kisogoni tu, hakipunguzi duara la povu gumu. Ukikitumia kuziba nafasi kubwa, kinabana kisogo na paji huku pembeni kukibaki wazi. Maumivu yake yanatoka hapo.

Kisha jaribu hivi: legeza kizungushio chote, mvishe, kamba iwe wazi, atikise kichwa. Helmeti ya saizi yake hukaa hata kabla hujakaza. Sasa kaza kidogo kidogo hadi ukiisogeza, ngozi ya paji inasogea nayo. Ukingo wa mbele uwe upana wa kidole kimoja au viwili juu ya nyusi, na akivaa miwani ya theluji pasionekane ngozi katikati. Funga kamba, kidole kimoja kipite chini ya kidevu. Apige mwayo mkubwa: unatakiwa kuona helmeti ikivutwa chini utosini. Mwisho, weka kiganja chini ya ukingo wa nyuma usukume kwenda juu na mbele. Ikimfunika macho na kamba imefungwa, hiyo haimtoshi, ni kubwa. Kipimo hiki wengi hukiruka, na ndicho ninachokiamini kuliko vyote.

Msusi wa Minneapolis
Hapo FundiSkii kasema yote ila nywele, na kwa watoto wetu nywele ndiyo kesi yenyewe. Rasta nene zinaweza kuongeza sentimita nzima au zaidi kwenye kipimo. Ukinunua helmeti kichwa kikiwa na rasta, umenunua helmeti ya rasta.

Dada, chagua mtindo wa msimu mzima kwanza, ndipo upime. Unaofaa ni mistari iliyolala inayokwenda nyuma, mikia ikishuka chini ya ule mkanda wa kisogoni. Fundo la juu, mabutu na vibanio vyote hapana: vinainua helmeti, ukingo wa mbele unapanda, paji linabaki wazi. Shanga nazo zisikae ndani ya helmeti, zinaumiza na zinaweza kuacha shimo kwenye povu. Akiachia nywele za asili bila kusuka, zitalala kwa jasho na kubanwa, kwa hiyo kaza tena baada ya mizunguko ya kwanza ya kuteleza.

Kwa wanaovaa ushungi: chagua ule wa michezo wa kuvaa kama soksi, wa kitambaa cha pamba kinachovutika, usio na pini wala fundo nyuma. Hariri na satini hazishiki, helmeti inazunguka.

Mafuta ya nywele mpake jioni ya kabla, si asubuhi ya kuteleza. Yanaingia kwenye sponji na kuzifanya zigandamane na kulegea kwenye velkro. Kofia nyembamba ya ndani, ya kufuliwa kila mara, inazilinda.

Oslo_Baba2
Kuhusu kufua na muda. Sponji zibandue taratibu kwenye velkro, na upige picha kabla ili ujue kila moja ilikuwa wapi. Fua kwa mkono, maji ya uvuguvugu na sabuni ya mtoto, suuza, kandamiza bila kunyonga, anika kivulini. Usiziweke juu ya hita. Helmeti yenyewe futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni hiyo hiyo. Petroli, tina, gundi, rangi ya kupuliza, hata dawa nyingine za mbu huharibu ganda au kula povu bila wewe kuona.

Sponji zikiwa zimeliwa na haziinuki tena ukizibonyeza, agiza seti ya modeli hiyo hiyo. Kampuni nyingi huziuza, na nyingine huweka seti nene ndani ya boksi. Msikate godoro mkabandika.

Zikiwa nje, angalia povu kwa tochi: nyufa, sehemu iliyobonyea, au nafasi kati ya povu na ganda. Povu la polistirini likishabonyea halirudi, na hapo limemaliza kazi yake. Baada ya pigo zito, badilisha hata kama nje inang'aa. Bila pigo, watengenezaji wengi hushauri kubadilisha baada ya miaka 3 hadi 5. Tarehe ya kutengenezwa iko kwenye lebo ya ndani, pamoja na kiwango cha usalama: EN 1077 kwa Ulaya, ASTM F2040 kwa Marekani. Wakati wa kiangazi isikae kwenye buti la gari, joto hulivimbisha ganda au kulibandua.

Mama Nuru, Calgary
Asanteni sana. Nimepima, 51.5. Mwayo imefaulu, ya kusukuma kutoka nyuma imefeli. Halafu ndani ina wavu wa njano wa Mips, ule mfumo wa kupunguza nguvu ya kuzungusha kichwa wakati wa pigo, na ganda linasogea hata nikishika kichwa. Je, huo nao ni ulegevu?

FundiSkii
Hapana, tofautisha. Mips imeundwa iteleze milimita 10 hadi 15 kati ya wavu na povu. Shika wavu pamoja na kichwa, usogeze ganda: wavu ukibaki na ngozi, ni kazi ya Mips. Wavu ukisogea juu ya nywele, huo ndio ulegevu wako.

Kwa 51.5 jaribu kwanza sponji nene za pembeni na za paji. Ikifeli tena kusukumwa, usiteremke saizi kwa haraka, maana ya 48 hadi 52 ataijaza upesi. Mpeleke akajaribu modeli nyingine za 51 hadi 55: nyingine zina umbo la yai, nyingine la duara, na vichwa ni hivyo hivyo. Akae nayo dukani dakika 10 nzima, na miwani yake ya theluji mwende nayo. Alama nyekundu pembeni tu mwa paji maana yake umbo halimfai, hata kama namba ni sahihi.

Oslo_Baba2
Na hii ya zamani ukitaka kumrithisha mdogo wake, sawa, ilimradi unajua haijawahi kupigwa na lebo iko ndani ya muda. Ya mtumba usiyoijua ilikotoka, hata ya bure, hapana.