Nani anapima ardhi kwa Linux hapa Dodoma?

Mpimaji_Nzuguni
Wakuu, habari zenu. Ni mpima ardhi wa kujitegemea, viwanja vyangu vingi viko Nala, Ihumwa na Iyumbu, mara nyingine Kongwa. Laptopu yangu ni ya siku nyingi, Windows 11 imeikataa, na Windows 10 iliachwa bila masasisho ya kawaida Oktoba 2025. Nimeweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, mashine imekuwa nyepesi kabisa. Tatizo ni kazi: AutoCAD, programu ya kuchora ramani, haina toleo la Linux, na kila ofisi hunitumia faili zake za DWG. Kwa Wine, inayojaribu kuendesha programu za Windows ndani ya Linux, imegoma. Fundi mmoja anasema nirudishe Windows na AutoCAD iliyovunjwa leseni. Sitaki. Ramani inabeba saini yangu, na mtu anajenga nyumba ya maisha yake kwa kuiamini. Wenzangu mnatumia nini?

Fundi_AreaC
Weka VirtualBox, kompyuta ya kuigiza ndani ya Linux, na ndani yake Windows. Umemaliza.

Dada_wa_Ramani
Fundi, Windows ya ndani nayo inahitaji leseni, na AutoCAD juu yake itaielemea mashine ya zamani. Mdogo wangu, mimi nimehamia QGIS, programu ya ramani. Ni ya bure, na kwenye Linux iko sawasawa na kwenye Windows. Ukiweza, waombe wakutumie DXF, aina ya faili ya michoro inayofunguka kwenye programu nyingi, badala ya DWG. Mwenye AutoCAD anaihifadhi hivyo palepale, wengi tu hawajawahi kuombwa. Wakikataa, pakua ODA File Converter. Ni ya bure, ina toleo la Linux, inageuza DWG kuwa DXF. QGIS nayo inaingiza DWG, ila faili za matoleo mapya huisumbua. Kuchora mistari na vipimo, tumia LibreCAD, programu ya bure ya kuchora. Data za totali stesheni (kifaa cha kupimia pembe na umbali) zitoe kwa flashi kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, usihangaike na programu ya mtengenezaji, nyingi ni za Windows tu.

Kinachonikera ni zabuni zinazodai DWG peke yake. Mwenye kipato kidogo anafungiwa mlango kwa aina ya faili, wakati koodineti (namba za mahali pointi ilipo) ni zilezile.

Mpimaji_Nzuguni
Shukrani sana dada. DXF ya Nala imekaa vizuri juu ya picha ya setilaiti. Ya Kongwa imetua magharibi huko, upande wa Ziwa Tanganyika! Faili ni mbovu?

Dada_wa_Ramani
Faili ni nzima. DXF haisemi koodineti zake ni za kanda gani ya ramani, unaiambia QGIS wewe. Kwenye UTM, mfumo unaogawa dunia katika kanda, Dodoma mjini ni kanda ya 36 Kusini, na mpaka wake na kanda ya 37 ni longitudo ya nyuzi 36 Mashariki, kwa hiyo Kongwa imeangukia kanda ya 37. Kama ofisi yao bado inatumia Arc 1960, msingi wa zamani wa vipimo, chagua kwenye QGIS namba ya mfumo EPSG:21036 kwa Nala na EPSG:21037 kwa Kongwa. Kabla hujachora chochote, linganisha na bikoni (alama ya mpaka iliyofukiwa ardhini) moja unayoijua.

Fundi_AreaC
Dada, hiyo ODA naipakua leo. Kuna wateja wawili wananisumbua na DWG hizohizo.