Wafanyakazi 140, kompyuta 46, zamu tatu: ninunue leseni za watu au za vifaa?

ofisa_tehama
Habari za majukumu wakuu. Niko peke yangu TEHAMA kwenye hospitali ya misheni huku Nyanda za Juu Kusini. Kompyuta zetu 46 zimechoka, nyingi hazipokei Windows 11, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Menejimenti imekubali tununue seva mbili. Kila mtu atafungua kompyuta yake pepe kutoka kwenye seva, mashine za zamani zibaki kioo, kibodi na kipanya tu. Watumiaji ni 140, wauguzi wanapokezana zamu tatu. Nimeletewa proforma (makadirio ya bei) yenye RDS CAL, yaani leseni za kuingia kwenye seva kwa mbali, 140 za watumiaji, pamoja na Windows 11 Pro 46 za kuweka ndani ya seva. Bodi inakaa Alhamisi. Hesabu hii iko sawa?

mama_seva
Mkuu, usiipeleke hiyo kwa bodi. Mistari hiyo miwili ni ya mipango miwili tofauti. RDS CAL ni ya watu wanaoingia kwenye Windows Server moja, kila mmoja na kikao chake. Windows 11 Pro haikupi haki ya kuiweka kwenye seva na kuifungua kwa mbali. Hapo Microsoft wanataka leseni nyingine: Windows VDA kwa kifaa, au Windows Enterprise E3 kwa mtu. Kama mfumo wenu wa wagonjwa unafunguka kwenye kivinjari, vikao vya Windows Server vinatosha. Futa zile 46 zote.

Sasa zile 140. RDS CAL iko ya mtu na iko ya kifaa. Nenda kasimame kwenye meza ya wauguzi wodi ya wazazi saa 1 asubuhi. Wa usiku anamalizia kuandika makabidhiano, wa asubuhi kasimama nyuma yake anasubiri kiti, wa jioni atafika saa 8. Kibodi ni ileile. Kwa leseni za watu umelipia tatu, na ya nne kwa aliye mapumzikoni. Kwa leseni ya kifaa umelipia moja, akae yeyote. Daktari anayesoma majibu ya maabara kwenye laptopu yake akiwa nyumbani, huyo ndiye wa leseni ya mtu.

Aina zote mbili zinakaa kwenye seva moja ya leseni, ile inayozigawa, ila kila seva ya vikao unaipangia aina moja tu. Tengeneza mbili: ya wodi na ya ofisi. Na kila RDS CAL huambatana na CAL ya kawaida ya Windows Server, leseni ya kuitumia seva yenyewe. Hiyo husahaulika sana kwenye proforma.

Jambo moja linaniuma mpaka leo. Kwetu tulifunga seva, tukaona inafanya kazi, leseni tukaziacha zisubiri bajeti. Microsoft wanakuachia siku 120. Zilipokwisha ilikuwa Jumatatu, foleni ya dawa imefika mlango wa maabara. Mfamasia anaandika nywila, anakataliwa, anaandika tena. Mimi niliweza kuingia kwa njia ya msimamizi, ambayo inabeba vikao viwili tu. Dawa tuliziandika kwenye daftari mpaka saa 10 jioni. Leseni zako ziwe zimeingizwa kabla muuguzi wa kwanza hajafungua kikao.

mhasibu_wa_mitandao
Naongezea Office, maana uhasibu wataidai. Ya dukani au iliyokuja na kompyuta hairuhusiwi kwenye seva ya vikao. Tafuta Microsoft 365 inayokubali kompyuta ya kushirikiana, kama Business Premium. Business Standard haikubali. Wodini weka LibreOffice, ambayo ni ya bure.

ofisa_tehama
Asanteni sana. Nimezunguka leo na daftari. Mashine za zamu ni 39, za ofisi 7. Wenye kuhitaji leseni ya mtu ni 18: madaktari 9, uhasibu 4, utawala 5. Kwa hiyo 39 za vifaa na 18 za watu?

mama_seva
Ndiyo, 57 badala ya 140. Lakini hizo 18 zitunze kwa orodha yako mwenyewe, kwa sababu seva haimzuii mtu wa 19. Utajua siku ya ukaguzi. Angalia na toleo: CAL ya Windows Server 2022 inafungua seva ya 2019, ya 2019 haifungui ya 2022. Ukifunga 2025, nunua za 2025.

Pesa iliyookolewa, kabla menejimenti haijaipangia kazi nyingine, omba diski za SSD kwenye seva zote mbili, kwa sababu saa 1 asubuhi wodi zote zinaingia kwa pamoja na diski za zamani za kuzunguka zitaganda. Kisha nunua UPS (betri ya akiba) ya swichi ya kila wodi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za wodi na seva. Umeme ukikatika usiku, seva itaendelea kuwaka na wodi ya wazazi haitaiona.

ofisa_tehama
Swichi ya wazazi iko juu ya kabati la shuka, haina UPS. Naiandika sasa hivi.