Mwenye lango la redio la kule mlimani, eti "NUNUENI BANDO"??!

Wakuu, hapa vidole vinatetemeka kwa hasira. Simtaji, mnamjua. Antena yake ni ndefu kuliko minara yote ya simu ya Mwanza ikibebana, na mdomo wake umeipita antena.

Asubuhi hii kaambiwa kwa adabu zote kwamba skripti yake, ile programu ndogo ya kwenye lango, inakata ujumbe unaotoka kwenye Meshtastic (vifaa vidogo vya redio vinavyorushiana ujumbe bila mtandao wa simu) kwenda mtandaoni. Jibu lake, mbele ya kundi zima: "Kama mnataka ziende nzima, nunueni bando." NUNUENI BANDO! Mtu yuko majini kati ya Ukerewe na Ukara, simu haina hata mstari mmoja, hilo bando akalinunue kwa sangara?

Ujumbe wenyewe ulikwenda kwa vipande viwili. Cha 1/2: "Mitumbwi ya Ukara inaweza kutoka". Cha 2/2: "kuanzia saa 8 mchana, sasa hivi upepo mkali". Kwenye ukurasa wa mtandaoni kikapanda cha kwanza peke yake. Mitumbwi inaweza kutoka! Anaonyeshwa hilo, anasema nunueni bando.

Na ugonjwa wa skripti yake unajulikana. Inapokea pakiti, yaani ujumbe mmoja wa redio, na papo hapo inaituma kwenye seva, ndani ya kitendo kilekile cha kupokea, bila kuweka kikomo cha muda. Maktaba ya "requests" ya lugha ya Python, inayotuma vitu kwenye seva, usipoiwekea kikomo inangoja hadi Kiama. Intaneti ya kwake ikigoma kidogo, kipande cha pili kinapanga foleni nyuma ya cha kwanza. Naye akiona kimya anafanya nini? Anachomoa waya wa Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoendesha skripti! Foleni yote ilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda, imekufa.

Dawa yake haifiki mistari 30. Pakiti ikiingia, iandikwe kwanza kwenye faili la SQLite (hifadhidata ndogo inayobaki hata umeme ukikatika) pamoja na namba yake ya utambulisho na namba ya nodi, yaani kifaa, iliyoituma. Kazi ya pili, pembeni, isome faili, ingoje vipande vyote vifike, iunganishe, itume kwa kikomo cha sekunde 10, ikishindwa irudie. Ikipita dakika 5 kipande hakijafika, ipandishe kilichopo na maneno UJUMBE HAUJAKAMILIKA juu kabisa. Hivyo tu! Badala yake tunaambiwa nunueni bando.

Sangara_Mbichi: Pole mkuu, lakini hiyo sentensi yako nimeihesabu na nafasi zake: herufi 76. Pakiti moja inabeba baiti 200 bila jasho, na Kiswahili chetu kila herufi ni baiti moja. Umeikata vipande viwili ili iweje, unauza nyama? Halafu onyo umeliweka mkiani. Andika "UKARA MSITOKE. Upepo mkali hadi saa 8 mchana." Hapo hata ikikatwa katikati, mtu anabaki nchi kavu.

Mleta uzi: Vipande vilikuwa na majina ya mialo, nimefupisha hapa. Hoja ni kwamba KASEMA NUNUENI BANDO.

Binti_Igogo: 😂😂 Hivyo vikatuni viwili vya kucheka ni baiti 8, kwa taarifa yenu. Na simu nyingi zikiandika ng'ombe zinaweka ile koma ya juu iliyopinda, baiti 3 peke yake. Skripti ibadilishe iwe ya kawaida kabla ya kupima urefu.

Ila kaka, vipande ulivituma kwa kufuatana? Kwenye LongFast, mpangilio wa kawaida wa Meshtastic, pakiti iliyojaa inakaa hewani karibu sekunde 2, na kila nodi inayoirudia inaongeza zake. Ukisukuma cha pili kabla cha kwanza hakijamaliza miruko ya nodi hadi nodi, vinagongana wenyewe kwa wenyewe. Acha sekunde 30 katikati. Inawezekana lango halikukipata kabisa.

Mleta uzi: Dada, alama ya kufika ilionekana!

Binti_Igogo: Kwenye chaneli ya wote alama hiyo maana yake kuna nodi moja imesikika ikirudia ujumbe wako. Inaweza kuwa ya jirani. Ukitaka uhakika, tuma moja kwa moja kwa nodi ya lango, hapo lango lenyewe ndilo linakujibu.

Kamanga_Mtu_Kazi: Tusimtete yule bwana. Lango lake bado linasikiliza chaneli ya kiwandani yenye ufunguo wa AQ==, ule ambao dunia nzima inao. Yeyote mwenye kifaa anaandika na kinapanda mtandaoni. Tengeneza chaneli ya pili, ufunguo wa baiti 32, na skripti ikubali namba za nodi zilizoorodheshwa tu.

Mleta uzi: Umeona! Halafu anasema nunueni bando!

FundiWaNyegezi: Kuna mtu anawauzia watu antena za megahezi 433 zenye kibandiko cha 868. Huyo ndiye wa kufunguliwa uzi. Robo ya wimbi kwa 868 ni sentimita 8 na nusu hivi, kwa 433 ni 17. Rula ya mtoto wa shule inatosha kupimia waya ulio wazi. Na msiwashe kifaa bila antena, mnaua redio.

Kamanga_Mtu_Kazi: Na wanaoweka kifaa kwenye hali ya ROUTER, ya kurudia kila pakiti, kila paa? Igoma nzima imekuwa rauta! Rauta haikai kimya hata ikisikia mwenzake ameshairudia pakiti. Iwekwe moja juu ya kilima, nyumbani weka CLIENT, hali ya kawaida, na ya mfukoni CLIENT_MUTE, isiyorudia za wengine. Miruko 3 inatosha, acheni kujaza 7.

Sangara_Mbichi: Kwenye maji kilima ndiyo kila kitu. Antena ya mita 2 mtumbwini na ya mita 10 ufukweni zinaonana kilomita 19 hivi, hapo ni mviringo wa dunia unakata.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Bando.

FundiWaNyegezi: Mita 10 unaweka, kesho makorongo ya Mwaloni yamekaa juu yake kama kikao cha ukoo. Mlingoti wangu umepinda.

Binti_Igogo: Makorongo afadhali. Wadudu wa ziwani wakija wanajaa ndani ya boksi kupitia tundu la waya, wanafuata taa ya kifaa. Zima skrini, bandika utepe mweusi juu ya taa, tundu liwe upande wa chini na ulizibe kwa silikoni. Waya uning'inie chini ya tundu kabla ya kupanda, maji ya mvua yadondokee hapo.

Kamanga_Mtu_Kazi: Silikoni ipi dada? Ile ya kunuka siki imenilia shaba yote.

Binti_Igogo: Hiyo hiyo ndiyo mbaya. Ulizia isiyonuka siki.

FundiWaNyegezi: Igogo inauzwa duka gani?