Tupeane uzoefu: ruta ya nyumbani itakayokubali faiba, laini ya simu na SIM

Fundi_Waya
Wadau, ruta nyingi hurudishwa dukani zikiwa nzima kabisa. Mnunuzi alihesabu antena, hakuangalia matundu ya nyuma. Tundu dogo la RJ11 ni la laini ya simu, yaani ADSL au VDSL (intaneti inayopita kwenye waya wa simu). Tundu la RJ45 lililoandikwa WAN hupokea intaneti kutoka kifaa kingine: ONT ya faiba (kiboksi kinachogeuza mwanga wa faiba uingie kwenye kebo ya kawaida), modemu ya kebo, hata modemu ya setilaiti. Anayehamahama au kubadili mtoa huduma achukue yenye WAN ya RJ45. Modemu itabadilika, ruta itabaki. Ongezeni mnayoyajua.

Pakiti1492
Tundu likikubali, mipangilio inaweza kugoma. Muulize mtoa huduma kabla hujalipa: ni PPPoE (unaingia kwa jina na nywila), DHCP (ruta inapewa anwani yenyewe) au IP ya kudumu (anwani isiyobadilika, unaiandika mwenyewe)? Kuna namba ya VLAN (inayotenganisha huduma kwenye waya mmoja)? Ikiwepo na ruta haina pa kuiandika upande wa WAN, taa zitawaka zote na intaneti haitaingia. PPPoE inachukua baiti 8 za kila pakiti, kwa hiyo MTU (ukubwa wa juu wa pakiti ya data) weka 1492 badala ya 1500. Ukilazimisha 1500, tovuti nyingine zitafunguka na nyingine zitaganda, nawe utalaumu Wi-Fi bure. Na kama huduma imefungwa kwa MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) ya ruta ya zamani, nakili MAC hiyo kwenye ruta mpya.

BendiYa20
Wa SIM, neno 4G kwenye boksi halitoshi. Linganisheni bendi (masafa ya mawimbi) za ruta na za mtandao mnaotumia. Bendi ya 20 (800 MHz) hupenya kuta kuliko ya 7 (2600 MHz). Simu inaweza kushika vizuri na ruta ikakosa mtandao mahali palepale, kwa sababu tu haina bendi ya mnara huo. Hakikisheni pia haijafungwa kwa mtandao mmoja. Tundu la USB nalo lisiwadanganye: kwenye ruta nyingi ni la flashi na printa tu, modemu ya USB halitambui.

Kebo_Fupi
Mkuu Fundi_Waya, na kama kifaa cha mtoa huduma ni modemu na ruta kwa pamoja?

Fundi_Waya
Ingia kwenye menyu yake, tafuta Bridge (hali ya kukifanya kiwe modemu tu), uwashe. Ruta yako ndiyo itapokea anwani ya nje. Wakikunyima nafasi hiyo, geuza yako iwe Access Point, yaani isambaze Wi-Fi tu bila kugawa anwani. Ukiziacha zote mbili zikigawa anwani, NAT (kugeuza anwani za ndani kuwa ya nje) inakuwa mara mbili, na kamera za ulinzi huenda zisifikike ukiwa nje. Zikiwa zote na anwani 192.168.1.1, zitagongana, yako ipe 192.168.10.1.

Pakiti1492
Kasi ya tundu la WAN pia muiangalie. Likiwa la 100 Mbps, kifurushi cha 300 kitaishia kwenye 90 na kitu. Tundu likiwa la gigabiti na kasi bado imekwama hapo, badilisheni kebo kwanza: gigabiti inahitaji nyaya zote 8, mmoja ukikatika kiungo kinaweza kushuka hadi 100.