Uwanja mfupi au mrefu: kijana wa California aanzie wapi Uingereza?

Mzee wa Ontario

Wakuu, habari za siku. Najua humu wengi ni watu wa mpira, na wachache wa mbio za magari, ila kuna siku niliona watu wawili watatu wakibishana kuhusu spidiwei, basi najaribu bahati yangu.

Niko California, nafanya kazi ghalani. Zamu yangu ina kijana mmoja Mmarekani, miaka 20, anaendesha spidiwei Jumatano usiku kwenye uwanja wa mji wa Industry. Mwakani anataka kwenda ligi ya Uingereza, na klabu mbili zimeshamsemesha. Ya kwanza uwanja wake ni mfupi, mita 260 na ushee. Ya pili ni mrefu, unapita mita 340. Hela karibu sawa. Kaniuliza mimi kwa sababu niliwahi kumwambia nina ndugu Uingereza, akadhani naijua nchi nzima.

Kwa wasioujua mchezo: waendeshaji wanne, mizunguko minne, wote wanakata kushoto tu. Pikipiki ni cc 500, silinda moja, inakunywa methanoli, gia moja, breki hakuna. Wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anaondoka na vumbi lake. Dakika moja hivi, imekwisha.

Mimi nimemwambia aanzie mfupi. Viwanja vya huku ni vidogo mno, ule wa Costa Mesa haufiki hata mita 200. Aende kwenye kitu anachokijua, halafu mengine yatafuata. Nikosoeni.

BiKonda_WV

Shikamoo mzee. Mimi ni dereva wa basi Wolverhampton, na mpaka 2023 Jumatatu zangu za mapumziko niliishia uwanja wa spidiwei wa Monmore Green. Mwaka huo ndio spidiwei ilifungwa pale, mpaka leo nikipita na basi nageuza uso.

Nakukosoa kidogo. Mfupi wa Uingereza si mfupi wa California. Monmore ilikuwa mita 264 na huku tuliuita uwanja mdogo, wa kubanana. Kijana wako akija atauona kama uwanja wa ndege. Kwa hiyo hoja ya "anachokijua" ifute kabisa. Hakuna uwanja wa ligi huku unaofanana na wa kwao.

Ila nakubali aanzie mfupi, kwa sababu nyingine. Kwenye uwanja mfupi ukikosea kona moja unapoteza nafasi moja. Kwenye mrefu ukikosea kona moja umepoteza kasi yote ya njia iliyonyooka inayofuata, na wenzako wote wamepita. Luke Becker tulimwona akikua pale Monmore, naye Mkalifonia. Alikuja 2019, kwanza anapapasa, baadaye akawa mtu wa kutegemewa.

FundiSproketi

Salamu kutoka Mbeya. Spidiwei naifuata kwenye simu tu, sijawahi kuiona kwa macho, ila cheni na sproketi ndiyo ugali wangu.

Bodaboda wa huku milimani akitaka pikipiki ipande na abiria wawili na gunia, anakuja kwangu nimfungie sproketi kubwa nyuma. Inapanda vizuri, lakini akifika tambarare ya Uyole injini inalia, pikipiki haiendi. Ndiyo hadithi ya kijana wako. Kwa kuwa gia ni moja, uwanja mfupi unataka meno mengi nyuma ili ikitoka kona iruke, mrefu unataka machache ili isiishiwe pumzi katikati ya njia iliyonyooka. Hilo ni kazi ya dakika chache kwa fundi mwenye akili, wala si sababu ya kuchagua klabu.

Swali langu kwako mzee ni hili: fundi anaye? Au anakuja peke yake na begi la nguo?

Kamba ya Ndani

Nipo Sheffield, na nitapinga wote. Aanzie mrefu.

Uwanja wetu wa Owlerton ni mita 361. Nimesimama kona ya kwanza pale mara nyingi, changarawe nyekundu inakurukia mpaka kwenye chipsi. Ukiwatazama Wamarekani wapya unaona ugonjwa uleule: wanailaza pikipiki mapema na kuiacha imelala muda mrefu. Kwao ndivyo inavyotakiwa, maana uwanja mdogo ni kona tupu, ukimaliza moja nyingine imeshafika. Huku inabidi uiinue, uinyooshe, uiache ikimbie, halafu uingie kona na resi imefunguka bila kuogopa. Ile hofu ya kufungua resi huku ukuta unakuja, uwanja mfupi hauwezi kuitibu. Utaificha tu misimu miwili, halafu siku moja unapelekwa ugenini Berwick, mita 368, inaanikwa hadharani.

Tazama walioanzia makubwa. Mmarekani Scott Autrey alikuja Exeter 1973. Uwanja wao, County Ground, ulikuwa unakaribia mita 400, na uzio wake ulikuwa bati la chuma tupu, si hii mito ya upepo tunayoiona leo. Mwaka uliofuata Exeter wakachukua ligi akiwemo, na 1978 akawa wa tatu duniani pale Wembley. Shawn Moran naye, Mmarekani mwingine, nani aliyekuwa anamgusa Owlerton miaka ya 1980? Mtu aliyejifunza kasi hurudi kwenye uwanja mdogo bila shida. Kinyume chake sijakiona mara nyingi.

BiKonda_WV

Kaka Kamba, na Mmarekani Sam Ermolenko je? Alikuja Poole 1983, halafu Wolverhampton kuanzia 1986, na 1993 akawa bingwa wa dunia kule Pocking, Ujerumani. Hicho "kiuwanja kidogo" ndicho kilichomfikisha. Mji mzima huku ukisema "Sam" watu hawaulizi Sam gani.

Kamba ya Ndani

Dada, Ermolenko alikuwa anakimbia pia mbio ndefu za bara la Ulaya, zile za viwanja vya mita elfu. Kasi aliichota huko. Usinipe mfano unaonisaidia mimi 😂

BiKonda_WV

Haya, hiyo nimeimeza. Lakini bado.

Mtoro wa Likoni

Wazee wenzangu mnabishana vizuri ila mmesahau hesabu nyepesi. Ligi ni nyumbani na ugenini. Nusu ya mechi zake atazikimbia kwenye viwanja vya watu, vifupi kwa virefu, vya mraba kwa vya duara, vingine vina mabonde kama barabara ya mashambani baada ya masika. Kwa hiyo mnayemchagulia uwanja mnamchagulia nusu ya maisha yake tu. Hiyo nusu nyingine itamkuta popote atakapokuwa.

Mimi naangalia kitu kingine: amemkuta nani pale? Tazameni Cradley Heath. Bruce Penhall alitua 1978, 1981 akawa bingwa wa dunia na klabu ikachukua ligi mwaka huohuo. Akaja Lance King, wa tatu duniani 1984. Greg Hancock akafika 1989, Billy Hamill 1990. Hamill bingwa 1996, Hancock 1997, na huyu Hancock akaendelea mpaka 2011, 2014 na 2016. Klabu moja, mji mdogo tu karibu na Dudley. Sidhani ni udongo wa uwanja wao wa Dudley Wood uliokuwa na dawa. Kijana wa California alipofika alikuta watu waliozoea kupokea kijana wa California: wapi atalala, nani atamwonyesha njia ya kwenda Ipswich, nani atamwambia "usijali, hata Bruce alianguka hapo".

Na jambo hili halikuanza juzi. Fainali ya dunia ya 1937 pale Wembley, wa kwanza Jack Milne, wa pili Wilbur Lamoreaux, wa tatu Cordy Milne mdogo wake Jack. Wamarekani watupu. Wote walikuwa wanakimbia kwenye ligi ya Uingereza, si watu waliopanda meli kuja kwa usiku mmoja.

Kamba ya Ndani

Mzee wa Likoni, hapo kwenye ugenini umenipiga. Ila niongeze moja kwa upande wa huyo kijana, maana tunamzungumza kama mgonjwa. Kuna kitu anakuja nacho ambacho Waingereza wengi hawana. California wanakimbia kwa kupewa nyuma: anayejulikana kuwa bora anarudishwa mayadi kadhaa nyuma ya wengine kabla ya kuanza. Ukilelewa hivyo unajifunza kupita watu, kwa sababu hujawahi kupata raha ya kuanza mbele. Huku wengi wanaishi kwa mwanzo: ukiwa wa kwanza kutoka kwenye utepe wa kuanzia, umemaliza kazi.

Ile fainali ya 1981, ya mwisho kufanyika Wembley, Penhall alimkamata Ole Olsen kwenye mstari wa kumalizia, halafu baadaye akamkamata Tommy Knudsen vilevile mstarini. Mara mbili usiku mmoja! Nikitazama mkanda ule nasema huyu amefundishwa na kurudishwa nyuma. Uwanja mrefu na mpana unampa nafasi ya kutumia hicho kipaji. Uwanja mfupi mwembamba unamfungia nyuma ya mtu mizunguko minne.

FundiSproketi

Bado sijajibiwa kuhusu fundi.

Mzee wa Ontario

Samahani Fundi, nilikuwa zamu. Fundi hana. Baba yake ndiye aliyekuwa anamshikia spana, na baba haji. Ana injini mbili, fremu atanunua huko.

Nimemsomea majibu yenu wakati wa chakula. Kwa uwanja mrefu hakutetereka, alicheka tu. Kilichomnyamazisha ni yale mabonde ya Mtoro. Anasema kwao majira yote ya mbio ni kiangazi, uwanja wanaumwagilia wenyewe wanavyotaka, wa Jumatano hii ni uleule wa Jumatano ijayo. Mvua ya Uingereza inafanya nini hasa?

BiKonda_WV

Mwambie hivi. Asubuhi mvua. Saa nane jua. Saa kumi na moja manyunyu, waamuzi wanatembea uwanjani na viatu vya mpira wanakanyagakanyaga. Saa moja na nusu mbio zinaanza, na ndani kwenye mstari mweupe ni utelezi, nje changarawe ni nzito inashika tairi. Pikipiki ikishika ghafla gurudumu la mbele linanyanyuka na kukupeleka moja kwa moja kwenye mito ya uzio. Mbio ya kumi uwanja umekauka, umekuwa mwingine kabisa, na zile alama zake za mbio ya kwanza hazina maana. Mechi ina mbio 15, kwa usiku mmoja anaweza kukutana na viwanja vitatu palepale.

Na kuna siku atakaa kwenye gari saa nne, afike, aambiwe mechi imeahirishwa. Hiyo hailipwi na mtu.

FundiSproketi

Basi mimi nimemaliza kuchagua. Injini ya methanoli inataka kabureta ipangwe kufuata hewa, na hewa ya Uingereza jioni yenye baridi na unyevu si ya California. Mtu asiye na fundi, na uwanja unabadilika kila nusu saa, huyo atakuwa anapiga ramli kila anaporudi kutoka uwanjani. Aende klabu yenye mtu wa kumwangalia pikipiki. Mita ziwe 260 au 340, nisiulizwe tena.

Mtoro wa Likoni

Naunga mkono, na naongeza: aulize atapangwa namba ngapi. Timu ni watu saba. Namba sita na saba ni wa akiba, na wa akiba ndiye anayeweza kupewa mbio nyingi zaidi akifanya vizuri, tena nyingine dhidi ya akiba wenzake. Mgeni akiwekwa hapo anajifunza haraka. Akiwekwa juu kwa sababu ya sifa za Marekani, kila wiki atasimama kwenye utepe na vigogo, na ifikapo Juni klabu inaanza kumtafutia mbadala. Klabu za huko zina haraka sana ya kubadilisha watu, msimu ukiwa katikati kabisa.

Na hata akirudi si aibu. Billy Janniro alikaa Coventry misimu kadhaa mwanzoni mwa miaka ya 2000, akarudi kwao, akachukua ubingwa wa taifa mara kibao.

Kamba ya Ndani

Bado nasema mrefu. Lakini kama wa mrefu hawana fundi wa kumpa, basi nitanyamaza kwa shingo upande.

Mzee wa Ontario

Mrejesho, wakuu. Jana usiku aliandikia klabu zote mbili maswali matatu: fundi, malazi, namba atakayopangwa. Wa uwanja mfupi wamejibu alipoamka: kuna mzee mmoja mstaafu mwenye karakana nyuma ya nyumba, atalala hapohapo, na wanamtaka kama akiba. Wa uwanja mrefu wamemtumia fomu ya vipimo vya fulana na karatasi za viza, hayo matatu hawajayagusa. Anawapa mpaka Ijumaa.

Yeye sasa hivi wasiwasi wake ni van. Hajawahi kuendesha gari lenye usukani wa kulia. BiKonda, wewe ndiye mwenye barabara.

BiKonda_WV

Usukani atauzoea siku mbili. Mwambie ajihadhari na kipilefti. Kwao wanazunguka kukata kushoto, na uwanjani hivyohivyo, maisha yake yote. Kipilefti za huku zinafuata mshale wa saa, na kutoka kwangu mpaka Dudley ziko za kutosha. Asubuhi ya kwanza aniambie anapita saa ngapi, nitamwomba msimamizi anipe njia nyingine.