Tupeane uzoefu: siku yako ya kwanza ya kuonja waini ulitokaje?

Mtu wa Kihesa: Kamwene wakuu. Jumamosi nimealikwa hotelini hapa Iringa mjini kuonja waini za Dodoma, aina sita. Mimi ni mtu wa mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kunywea ulanzi, pombe yetu ya mwanzi. Waini naijua ya altare na dompo la harusini, basi. Mwageni yaliyowakuta nisije nikaaibisha ukoo.

Dada wa Uyole: Usijipulizie manukato! Mimi nilijimwagia nusu chupa nikijua naenda kwa watu wa maana. Mhudumu akaniomba kwa upole nikakae dirishani. Kumbe nusu ya kazi ni kunusa, na meza nzima ilikuwa inaninusa mimi.

Kijiko: Nimeonja kahawa Mbozi miaka mingi. Kule unavuta kwenye kijiko kwa kelele, fyuuu, ndiyo kazi yenyewe. Nikafanya hivyohivyo kwenye waini, watu wakageuka kama nimetukana. Mwelekezaji akanitetea: ukivuta na hewa kidogo, harufu inapanda puani vizuri. Ila akasema nipunguze sauti.

Mama Wawili: Hahaha, Kijiko umenikumbusha mbali.

Mkwe Mtarajiwa: Ngoja niseme, nimekaa nayo tangu 2018.

Nilikuwa nachumbia Mbeya, binti wa Tukuyu. Mzee wake mwalimu mstaafu, mtu wa tai hata Jumapili jioni. Akanialika tukaonje waini, yeye, mama na binti. Mimi mtoto wa Kilolo. Kwetu mbeta ikikufikia unapokea kwa mikono miwili, unapiga funda, unampa wa pembeni. Ukikataa umemtukana aliyekupa.

Sasa mezani kulikuwa na kijagi cha bati kinang'aa. Mimi macho yako kwa binti, sikuona kinafanya kazi gani. Mara mzee akakishika, akainama nacho kidogo, akanisogezea. Moyoni nikasema leo nimekubaliwa. Nikapokea kwa mikono miwili, nikasema "ndaga baba", yaani asante kwa Kinyakyusa, kama nilivyofundishwa, nikapiga mafunda mawili.

Ilikuwa ya vuguvugu. Nyekundu, nyeupe na mabaki ya mkate, vyote humo.

Mama akajifunika mdomo na kitenge. Binti akaangalia dari. Mzee akasema taratibu, "Kijana, hicho ni cha kutemea." Na mimi kwa kutaka kuokoa sura nikajibu, "Ni nzito kidogo, baba."

Dada wa Uyole: Mungu wangu 😂😂😂

Mama Wawili: Nimemwaga chai. Ulioa au hukuoa?

Mnyalukolo Asili: Tatizo ni kwenda kutafuta mambo ya wenyewe. Ulanzi ni waini yetu, hautaki darasa.

Kijiko: Ulanzi si waini. Waini ni zabibu. Ulanzi ni utomvu wa mwanzi, unachachuka wenyewe.

Mnyalukolo Asili: Na zabibu inachachushwa na nani, mjomba wako? Asubuhi mtogwa, mtamu, ukikaa unakuwa mkangafu, mkali. Hao wa Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, sisi tunasubiri masika. Nani ana kitu adimu?

Mama Wawili: Jamani mkwe ajibu kwanza!

Baba Ngano: Mleta mada, kula ushibe kabla hujaenda. Wanakuwekea kama mililita 50 kila glasi. Mara sita ni 300, kilevi asilimia 12 au 13. Hiyo si kuonja tena, na gari liache nyumbani. Ule mteremko wa Ipogolo hauna utani. Shika glasi kwenye mguu wake, kiganja kinaipasha joto. Waanze na nyeupe, nyekundu baadaye, tamu mwisho. Na nyekundu ikikukausha ulimi usiseme imeharibika, ni ukakasi uleule wa chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.

Dada wa Uyole: Mimi nyekundu naweka barafu.

Baba Ngano: Dada, hilo usilitamke mbele yao.

Dada wa Uyole: Nimelipia mwenyewe, nitatamka.

Mnyalukolo Asili: Na kitimoto je? Kuna kitimoto?

Mtu wa Kihesa: Wakuu mnanichanganya. Niteme au nimeze?

Baba Ngano: Tema. Si dharau, hata mwenye kiwanda anatema.

Mnyalukolo Asili: Meza. Kwetu kinywaji hakitemwi.

Kijiko: Ukiipenda meza kidogo, zilizobaki tema. Ila kijagi kitazame vizuri.

Mama Wawili: MKWE!! Nimeamka saa tisa usiku kuangalia kama umejibu.

Mkwe Mtarajiwa: Nilioa, mama. Tuna watoto wawili. Ila mpaka leo mzee akinikaribisha chochote, hata uji, anakunywa yeye kwanza nikiwa namwangalia.